Thamesmead: Unafuu wa Ukingoni mwa Mto

Familia inayotafuta nyumba London kwa bei nafuu isiipite Thamesmead bila kuitazama. Kitongoji hiki cha kusini-mashariki kilijengwa juu ya vinamasi vya mto Thames, na wakazi wa kwanza waliingia mwaka 1968. Kwa kuogopa mafuriko, nyumba nyingi za mwanzo ziliwekwa gereji chini na watu juu. Mto hujaa na kupwa kama bahari ya kwetu, na ndani kuna maziwa na mifereji yenye mabata, ambako watoto hutembezwa bila kulipa senti. Majirani wengi ni Wanigeria na Waghana, hivyo mihogo, bamia na ndizi za kupika hazitafutwi mbali.

Unafuu huo una sababu yake: stesheni haimo kitongojini. Utapanda basi hadi Abbey Wood, ambako tangu 2022 treni ya Elizabeth line hufika Canary Wharf kwa dakika 11 hivi. Anayeingia kazini alfajiri alijaribu basi hilo kabla ya kusaini mkataba. Mwenye watoto aulize nyumba iko upande wa Greenwich au Bexley, kwani maombi ya shule hupitia halmashauri unayoishi. Pia upo mpango wa kuleta reli ya DLR. Ikifika, safari itakuwa fupi, lakini kodi huenda ikapanda.