Vidole Vinne

Mlango wa steshenari ninayofanya kazi jioni ulianza kugoma mwezi wa sita, UE zikiwa zimebaki wiki tatu na foleni ya kutoa kopi za madesa ikifika barabarani. Ni ule mlango wa fremu nyingi hapa Dodoma, wa vipande vya bati vilivyoshikana, usiku unauvuta chini na asubuhi unausukuma juu unajiviringisha. Upande wa kushoto ulikuwa unafika chini vizuri. Wa kulia ulibaki juu vidole vinne, na tundu la kufuli halikukutana tena na kitanzi cha chuma kilichojengewa sakafuni.

Vidole vinne si pengo la mtu kupita. Lakini ndani kuna mashine mbili za kopi ambazo mama mwenye duka anazilipia marejesho ya kikundi kila Ijumaa, na mlango usio na kufuli hata mtoto anaunyanyua. Usiku wa kwanza nililala humo juu ya maboksi ya rimu, na asubuhi saa mbili nilikuwa na testi. Tusiulizane matokeo.

Tuko wawili pale, mimi na dogo mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Mama alipokuja kuutazama mlango aliona kitu kimoja tu, nami nikakiona hichohicho: chuma cha chini upande wa kulia kimebonyea, na alama ya buti ipo. Mwenye buti pale ni dogo.

"Wewe ndiye unayepiga mateke mlango wangu?"

"Nilipiga mama, ila ni kwa sababu ulikuwa haushuki."

Maneno ya mwisho hayakusikika. Mama akanigeukia: "Mwalimu, unasemaje?" (Ukisoma ualimu, hata hujamaliza, mtaa mzima ushakuajiri.) Nikasema ni teke. Nikafafanua kabisa kwamba chuma kikipinda mlango lazima ukae upande, kwa ile sauti niliyojifunza kwenye BTP. Dogo akakatwa elfu ishirini ya fundi. Kwa siku analipwa elfu nne.

Fundi aliyekuja ni mzee anayechomelea mageti. Alinikuta juu ya stuli na spana mkononi, kwa sababu nilikuwa nimeangalia video usiku na kuamini kwamba springi imelegea. Hakugusa kitu. Akauliza tu, "Unakwama palepale kila siku, au panahama?"

"Palepale."

"Basi shuka, mwanangu, kabla hujavunjika mkono."

Akanieleza kwamba springi ile ya juu imekazwa kiasi cha kusaidia kubeba mlango mzima. Ukifungua nati bila kuishikilia kwa bomba, inajifungua yote kwa mara moja, na aliyekaribu ndiye anayeumia. Tena springi ikichoka, mlango mzima unakuwa mzito kuusukuma, unashuka kwa kishindo. Mlango unaosimama palepale umekutana na kitu.

Akaingiza kidole kwenye reli ya kulia, ule mfereji ambamo ncha za bati hupita, akakiteremsha taratibu kutoka kiunoni. Kilipofika chini kikatoka cheusi. Akachukua bisibisi akakwangua. Ukatoka uji mgumu kama ukoko wa sufuria, oili chafu iliyoshikana na vumbi, na pini za stepla humohumo.

"Nani alimwaga oili humu?"

Ni mimi. Mwezi wa nne mlango ulikuwa unapiga kelele, nikaenda kwa mafundi wa bodaboda nikapewa oili chafu kwenye chupa ya maji, nikamwaga reli zote mbili. Kelele zikaisha, mama akanisifia. Halafu zikaja pepo za msimu huu, na mnajua vumbi la Dodoma. Meza ya kubania iko kulia, na upepo unaingilia kulia. Oili ikanasa kila kitu. Mlango ukaanza kubaki juu kidole kimoja, viwili, na dogo, ambaye ndiye huvuta upande huo tukifunga, akawa anaumalizia kwa mguu. Lile bonyeo lilikuja baada ya tatizo.

Kwenye somo la upimaji tunafundishwa tusisahihishe jibu la mwisho peke yake, tuangalie mwanafunzi alikopitia. Somo hilo nilipata B+.

Fundi alipouliza, mama alimtazama dogo. Mimi niliangalia sakafu. Dogo hakusema kitu.

Reli zikasafishwa kwa mafuta ya taa na matambara, zikakaushwa. Chuma kikanyooshwa kwa nyundo na kipande cha ubao. Mwisho fundi akatoa mshumaa, akausugua ndani ya reli juu hadi chini. Nta hainasi vumbi kama oili. Mlango ukashuka, kufuli likaingia.

Nilikaa kimya siku mbili. Bumu lilikuwa limechelewa, na nilikuwa nimeshapiga hesabu ya nitakachokula nikikatwa elfu ishirini. Siku ya tatu nikamwambia mama. Hakufoka. Alisema, "Na ulivyonieleza vizuri siku ile!" Akanikata mimi, akaahidi kumrudishia dogo mwisho wa mwezi. Mpaka sasa amempa elfu kumi. Hiyo nyingine namkumbusha mimi, maana dogo akidai ataonekana msumbufu.

Nilipomwomba dogo msamaha alikuwa anapanga rimu. "Nilikuona na ile chupa, ticha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nani angeamini? Wewe si mwalimu."

Mshumaa tunauweka droo ya kalamu, na kila Jumamosi tunafuta reli kwa kitambaa kikavu kisha tunasugua, yeye kulia, mimi kushoto. Bado ananiita ticha. Ila mlango ukisita kidogo, ananyoosha mkono kunizuia nisiusukume, anainama kwanza yeye, anaangalia.