Kukashifu ni Kufunua



Sisi ni watu wa pwani tuliohamia Endarasha, Nyeri, katika baridi ya milima ya Aberdare, ambako viazi ndivyo riziki ya nyumba nyingi. Msimu uliopita tulimtendea jirani yetu jambo ambalo hatukulijua uzito wake hadi yeye mwenyewe alipolitaja kwa jina.

Jirani huyo ni dalali wa viazi. Zamani alinunua kwa lumbesa, yaani gunia linaloongezwa kilemba hadi likapita kilo 50 zinazoruhusiwa na sheria. Aliiacha tabia hiyo, akanunua mizani. Siku moja, tukinywa chai na wakulima, tuliisimulia habari ile ya zamani. Hatukuongeza neno. Juma lile lile wakulima watatu walikataa kumuuzia. Alipokuja kutuuliza kwa nini tumemkashifu, tulimjibu kwa kiburi: "Kwani tumesema uongo gani?"

Neno kashifu tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni kufunua kilichofunikwa. Basi si lazima pawe na uongo. Azuaye uongo husingizia. Afunuaye aibu ya mwenzake, ingawa ni ya kweli, hukashifu. Mahakamani, mwenye kuthibitisha ukweli wa maneno yake huweza kujikinga. Mbele ya Mola kinga hiyo haitoshi: Mtume (s.a.w.) alibainisha kwamba kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa lililo kweli asilopenda litajwe, lisilo kweli ni uzushi. Na Surat al-Hujurat, aya ya 12, yamfananisha msengenyaji na alaye nyama ya nduguye aliyekufa.

Lau jirani yetu angalikuwa bado anawapunja watu, kuwaonya kungalikuwa haki yao. Lakini alikuwa amekwisha kujirekebisha, nasi tulilijua hilo, tukalinyamazia.

Tulimwomba radhi, kisha tukawaendea wakulima wale wale, mlango kwa mlango, tukawaeleza habari ya mizani. Wawili wamerudi kumuuzia. Wa tatu hajarudi hadi leo.

Kinyume cha kukashifu ni kusitiri. Kila siku twaomba, "Mungu atusitiri." Tunaloliomba kwake, na tuwafanyie wenzetu.

Wabillahi tawfiq.