Bundi si uchuro kila mahali

Kuna kitu kimoja vijana wengi wa mjini hatukitaki hata kukisikia: makumbusho. Mwambie mtu twende muziki, atakuuliza saa ngapi. Mwambie twende tukale chipsi kuku, utamkuta keshavaa viatu. Sasa mwambie twende makumbusho uone atakavyopiga miayo. "Kule si kwa watoto wa shule na watalii?" Ndilo jibu utakalopewa.

Mimi nasema hivi, mpenzi msomaji: ukitaka kumjua mtu, usimpeleke baa. Baa kila mtu ni mchangamfu. Mpeleke makumbusho, halafu nyamaza. Mwangalie anasimama wapi, anapita wapi haraka na anacheka nini. Ukitoka pale utakuwa umemjua kuliko miezi sita ya kupigiana simu.

Naongea kwa ushahidi. Mwenzenu naishi Winnipeg, Kanada. Januari huku baridi inafika nyuzi thelathini chini ya sifuri, ukitoka nje na nywele mbichi zinakauka zikawa kama njiti za kiberiti. Nyie huko mnaita mamtoni. Sisi tunaoamka saa kumi alfajiri kwenda kubeba maboksi tuna jina jingine, ila nisiliseme, gazeti hili linasomwa na watu wa heshima zao.

Katikati ya mji huu kuna jengo jeupe linaitwa Qaumajuq. Lilifunguliwa Machi 2021, ni sehemu ya jumba la sanaa la Winnipeg Art Gallery, na limejengwa kwa ajili ya sanaa ya Wainuit. Jina lenyewe ni la Kiinuktitut, lugha yao, na maana yake ni kitu kinachong'aa, chenye mwanga. Nami niseme ukweli, mara ya kwanza niliingia mle kutafuta joto tu. Basi lilikuwa limechelewa.

Wainuit ndio wale ambao kwenye jiografia ya shule ya msingi tuliambiwa ni Waeskimo. Jina hilo kwa Kanada wengi wao hawalitaki. Inuit maana yake ni watu, basi. Akiwa mmoja anaitwa Inuk, mtu. Kwao ni kaskazini kabisa, kwenye barafu, ambako mboga ni sili, samaki na mnyama mmoja jamii ya paa mwenye mapembe makubwa anayeitwa karibu. Usicheke, ndilo jina lake. Nilipolisikia mara ya kwanza nusura niitikie "starehe".

Ukiingia tu Qaumajuq unakutana na kabati la vioo lililopanda ghorofa tatu, limepindapinda kama mto, na ndani yake vimepangwa vinyago maelfu kwa maelfu. Kuna dubu, sili, ndege, wawindaji, akina mama na mapepo yenye vichwa viwili. Vingine ni vya mawe, vingine vya mifupa, pembe na meno ya wanyama wa baharini. Si mchezo. Hapo ndipo watu wanapojionyesha walivyo.

Kuna wa kupiga picha. Huyu hakai dakika mbili, anaupa mgongo ukuta mzima, anatabasamu, anaondoka. Kuna wa "jamani, kazuri hako!" Akiona dubu kazuri, akiona mwindaji kazuri. Na dubu wenyewe wana haki ya kupendwa. Kuna wale wanaosimama kwa mguu mmoja, mikono juu, jiwe la uzito wa gunia limegeuzwa mcheza dansi. Aliyevuma kwa dubu wa namna hiyo ni Pauta Saila, mzee wa Kinngait aliyefariki 2009. Mtoto akiwaona anaanza kucheza naye, na hakuna mlinzi anayemkataza.

Siku moja nilikwenda na kaka mmoja wa Kisii. Amekulia Tabaka, kule mawe ya sabuni yanakochongwa sahani, viboko na vile vinyago vya mtu na mkewe wamekumbatiana unavyoviona kila duka la watalii Nairobi. Yeye hakuangalia sura wala hakusoma maandishi. Aliinama, akachungulia chini ya kinyago kama fundi anayeangalia uvungu wa gari.

"Hili jiwe ni gumu kuliko letu," akasema. "Lakini tupa ni ile ile. Na mwisho amesugua na maji, mpaka vidole vikauma. Mimi naijua hiyo kazi."

Halafu akauliza swali ambalo watu wa "kazuri hako" hawaliulizi: "Pesa ilikwenda kwa nani?"

Swali zuri. Kuchonga Wainuit walikuwa nako tangu enzi na enzi, ila biashara ya kuuza kusini ilishika kasi baada ya 1948, pale msanii kijana aitwaye James Houston alipokwenda Inukjuak na kurudi na vinyago. Mwaka 1949 vikauzwa Montreal, vikaisha kwa siku tatu. Serikali nayo ikaona hapo kuna njia ya watu kupata riziki, maana bei ya ngozi ilikuwa imeanguka. Mwaka 1957 kijiji cha Kinngait, zamani kikiitwa Cape Dorset, kikaanza kuchapa picha kwa mawe yaliyochongwa, na 1959 wakafungua ushirika wao wenyewe. Upo mpaka leo.

Kaka wa Kisii akatikisa kichwa taratibu. "Ushirika wa tangu 1959, na bado upo?" Alivyosema hivyo, kila Mtanzania aliyewahi kusikia hadithi za vyama vya ushirika ataelewa nini kilimshangaza.

Sasa nije kwa Shangazi. Si shangazi yangu wa damu. Ni mama wa Mombasa ambaye Waswahili wote wa mtaani kwetu tunamwita hivyo, kwa sababu ukiumwa ndiye anayekuletea uji. Tulikuwa dukani, mle mle Qaumajuq, nikaokota kadi yenye ile picha maarufu ya Kenojuak Ashevak, bundi wa mwaka 1960, manyoya yametawanyika kila upande kama miale ya jua. Mwaka 1970 iliwekwa kwenye stempu ya Kanada.

"Ewe mwanangu, hebu kirudishe hicho!" Shangazi alinong'ona, kana kwamba bundi atasikia. "Bundi ndani ya nyumba? Wataka nani afe?"

Unajua na mimi najua. Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku, asubuhi watu wanauliza habari za wagonjwa. Kwa Kenojuak bundi alikuwa ndege wa kupendeza, wa kuchorwa tena na tena, mwenye macho yanayokutazama kama jirani mbeya. Nikamweleza Shangazi habari za mama huyo. Alizaliwa 1927 kambini, kwenye nyumba ya theluji. Mwaka 1952 alikutwa na kifua kikuu, akatolewa kwao akiwa ndiyo kwanza amejifungua, akapelekwa hospitali Quebec. Alikaa huko miaka mitatu. Kile kichanga kilichukuliwa na familia nyingine, na baadhi ya watoto wake wengine walikufa yeye akiwa kitandani, mbali. Na hakuwa peke yake. Miaka ile meli ilikuwa inazunguka pwani za kaskazini ikipima watu vifua kwa eksirei, na aliyekutwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kuaga. Serikali ya Kanada ilikuja kuomba radhi kwa hilo mwaka 2019.

Shangazi alisikiliza, mkono umefunika mdomo. "Na akirudi akachora ndege?"

"Akachora ndege, Shangazi. Mpaka alipofariki 2013."

Aliichukua ile kadi, akaitazama kwa muda mrefu. "Mungu amhifadhi," akasema. Kisha akairudisha mahali pake. Huruma amempa, lakini bundi hakuingia nyumbani kwake. Nami nikampenda zaidi kwa hilo, maana hakujitia kubadilika ili anifurahishe.

Tuache kicheko kidogo. Shosti wangu ni Mrundi, amekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, Kiswahili chake kinanishinda mimi mswahili wa Tanga. Siku niliyokwenda naye alikuwa anapita tu, anatafuna bigijii. Nikamwonyesha kinyago kimoja na kumwambia hebu fikiria, chini ya vinyago vingi vya zamani hukuti jina, unakuta herufi E na tarakimu.

Ilikuwa hivi. Kuanzia 1941 serikali, iliyoona majina ya Wainuit ni magumu na hayana jina la ukoo, ilimpa kila mtu kisahani kidogo chenye namba, cha kuvaa shingoni au kushonea kwenye nguo. Namba hiyo ndiyo ilikuwa wewe, kwenye hospitali, kwenye posho, kwenye daftari la polisi. Miaka ya 1970 ndipo ikaanza kuachwa na watu wakaandikishwa majina ya ukoo. Kwa hiyo kuna wasanii waliosaini kazi zao kwa namba, na leo kazi hizo zina bei kubwa.

Shosti aliacha kutafuna. Akaanza kutaja tarakimu kwa Kifaransa, taratibu, moja baada ya nyingine. Ilikuwa namba ya kadi ya mgao ya familia yao. Alikuwa na miaka saba alipoikariri, kwa sababu mama yake hakujua kusoma na yeye ndiye aliyetumwa kupanga foleni ya unga.

"Bado naijua," akasema. "Simu yangu mwenyewe siijui kwa kichwa, hiyo naijua."

Sikuwa na la kumwambia.

Mimi je, nasimama wapi? Nasimama ghorofa ya juu, kwa mama mmoja wa jiwe jeusi, hazidi kimo cha chupa ya soda. Amevaa amauti, lile koti la akina mama wa Kiinuit lenye mfuko mgongoni, chini ya kofia, ambamo mtoto anakaa akipata joto la mwili wa mama yake. Hakuna khanga, lakini ukimwona utadhani ni mtu wa kwetu anatoka sokoni. Kichwa cha mtoto kimechungulia kidogo tu begani.

Binti yangu ana miaka mitano. Yuko Tanga kwa bibi yake. Nilimwacha na miaka miwili, na makaratasi yake yamekaa kwenye ofisi moja mwaka wa tatu huu. Bibi yake anamwita "mama". Mimi ananiita "mama wa simu". Hana ubaya, ndivyo anavyotutofautisha.

Nilimwambia shosti kwamba yule mama wa jiwe ananiumiza. Akanijibu kavu: "Usimgeuze akawa wewe. Mtoto wake yuko mgongoni. Huyu mama ana raha zake. Watu wakituangalia sisi wakimbizi wanaona machozi tu, na wewe unamfanyia mwenzio hivyo hivyo."

Hoja yake ina uzito. Dukani kuna kitabu cha picha za Annie Pootoogook, binti wa Kinngait aliyefariki 2016, aliyechora kwa penseli za rangi watu wa kwao wakila sakafuni na wakitazama televisheni. Shosti alikifunua akacheka kwa sauti: "Hii ni sebule yetu kabisa!" Anachotaka yeye ni hicho, watu waonekane wakiishi.

Lakini sikubaliani naye kwa yote, na mpaka leo tunabishana. Aliyechonga yule mama aliweka mtoto mgongoni kwa sababu alijua uzito wake. Mimi naujua uzito huo kwa kuukosa. Jiwe ni lile lile, nasi tunaweza kusimama mbele yake wote wawili bila mmoja kumfukuza mwenzake.

Basi wewe uliye Dar, Makumbusho ya Taifa yapo pale mtaa wa Shaaban Robert, na vinyago vya Wamakonde vinakusubiri. Wa Nairobi na Mombasa nanyi mnayo ya kwenu. Jumamosi hii mchukue mchumba, shosti au mama mkwe kama unamudu. Kila mtu achague kitu kimoja ambacho angekibeba kwenda nacho nyumbani, halafu aseme kwa nini. Usimkatize.

Kaka wa Kisii alichagua dubu, akasema atajaribu kumnakili. Shangazi alichagua taa ya jiwe, ile ya mafuta ya sili, kwa sababu nyumba bila moto si nyumba. Shosti alichagua kitabu cha sebule. Mimi mnajua nilichochagua. Nilimpiga picha nikaituma Tanga, na jibu likaja kwa sauti ya kitoto: "Mama wa simu, huyo mtoto hasikii baridi?"

Nikamwambia hasikii.