Majina Yaliyoanikwa

Wengi wetu akina mama wa Majengo na Pumwani, anwani zetu za barua pepe tulifunguliwa saiba, siku tulipohitaji cheti kupitia eCitizen. Kijana wa saiba hakuwaza sana: alitwaa jina la mtu, akaongeza la baba yake na mwaka aliozaliwa, basi. Anayeiona anwani hiyo amekwisha kumjua mwenyewe, na umri wake juu.

Muhula uliopita, skuli moja wanakosoma watoto wetu ilituandikia barua pepe kuhusu karo tuliyobakisha. Maneno yalikuwa ya adabu, nasi hatukuudhika, kwani deni ni deni. Lakini juu ya maneno hayo zilipangwa anwani za wadaiwa wote, kila mmoja akimsoma mwenziwe. Miongoni mwetu yumo mjane ambaye hata wifi yake hakujua kwamba amekwama. Wifi naye alikuwamo katika orodha ile ile. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimefika arusini, na arusini, kama mjuavyo, neno haliingii likatoka na uzito ule ule.

Tulipokwenda ofisini tuliambiwa kwamba kosa ni la kompyuta. Haikuwa hivyo. Programu ya barua pepe humpa mwandishi nafasi ya mpokeaji, nafasi ya nakala, na nafasi ya nakala fiche. Anwani zikiwekwa katika hiyo ya mwisho, hakuna mpokeaji amwonaye mwingine. Ni suala la kuchagua mstari, na anayechagua ni mtu.

Dini yetu imetuamrisha, katika Surat An-Nur, tusiingie nyumba za watu pasipo kubisha hodi. Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda mambo ya mtu na ya jamaa yake yasifichuliwe pasipo haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye kutunza habari za watu, zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, ampashe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na wenyewe pia waarifiwe. Wala si sheria ya kabatini: Septemba 2023 Kamishna aliitoza skuli moja ya hapa Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Haya tuliyaeleza kwa upole. Hatukutaka fedha. Tulitaka kila mzazi aandikiwe peke yake, na mjane yule aombwe radhi kwa barua yenye jina lake tu. La kwanza limetimizwa. La pili tunalifuatilia, na malalamiko ya kupeleka kwa Kamishna tumekwisha kuyaandika.

Mwenzetu hajarudi katika kikao chetu cha Alkhamisi. Zamu yake ya mchango ilipofika, tulimpelekea nyumbani, mkononi, baada ya Magharibi.