Tukingoja Umeme wa Barabarani Mbagala

Mtu akitaka kuujua mji wa Dar es Salaam, asiishie pwani penye bandari na majumba marefu. Na aende viungani, ambako mji unazidi kukua kila mwaka. Mimi nakaa Tegeta, upande wa Kinondoni, na dada yangu anakaa Mbagala, upande wa Temeke. Baina yetu pana safari ndefu: Tegeta hata Mwenge, Mwenge hata Ubungo, kisha barabara ya Mandela kupitia Buguruni na Tazara mpaka Uhasibu, ndipo mtu ashike barabara ya Kilwa hata Rangi Tatu. Jumamosi moja nilifunga safari hiyo, si kwa sikukuu wala kwa msiba, bali kwa kuwa mpwa wangu alinipigia simu akasema, "Shikamoo mjomba. Njoo uone kituo chetu."

Kituo chenyewe kilikuwa hakijafunguliwa. Nilichokiona ni kiwanja kando ya barabara, kimezungushiwa mabati. Ndani yake mna paa jipya, sakafu ya saruji, na transfoma iliyokwisha kupandishwa juu ya nguzo. Hapo ndipo patakapokuwa mahali pa kuchaji magari ya umeme kwa haraka. Watoto walikuwa wakichungulia kwenye matundu ya mabati, na mpwa wangu naye alichungulia, ingawa ni mtu mzima mwenye ndevu.

Si ajabu, kwani ana sababu. Mwaka jana alinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani, kwa akiba yake na fedha za upatu wa mama yake, ili achukue abiria. Hesabu yake ilikuwa njema: gari halinywi petroli, halibadilishwi oili ya injini, wala halina mashine nyingi za kuharibika. Walakini alisahau jambo moja, nalo ni mahali pa kulilisha.

Betri ya gari hilo, ikiwa tupu, hutaka uniti 40 za umeme, zile zile tunazozinunua kwa luku. Soketi ya ukutani, ikitumiwa kwa usalama, hutoa kadiri ya uniti 2 kwa saa moja. Basi kuijaza betri hiyo ni kazi ya saa 20. Tena nyumba yenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa umeme kwa bei nafuu. Gari likijazwa mara mbili tu, kiwango hicho kimekwisha kupita, na mama mwenye nyumba hununua umeme wa taa yake kwa bei ya juu. Dada yangu hakunung'unika mbele ya mwanawe. Aliniambia mimi jikoni kwa sauti ndogo, "Kaka, nampenda mwanangu, lakini gari lile linakula kuliko sisi sote."

Ama mtambo wa haraka, namna yake ni hii. Umeme unaopita katika nyaya za mitaani hugeuka mwendo, huku na huku, mara 50 kwa sekunde moja, ilhali betri hukubali umeme wa kwenda upande mmoja tu. Ndani ya gari mna kifaa kidogo cha kuugeuza, na kwa udogo wake hufanya kazi polepole. Kituo cha haraka kina kifaa kikubwa cha kuugeuza, nacho hukaa nje ya gari, kisha huupeleka umeme moja kwa moja ndani ya betri. Mtambo wa kilowati 50 huweza kuijaza betri ya uniti 40 hata kupita robo tatu katika muda wa kadiri ya saa moja. Dereva huswali, hunywa chai, akarudi kazini.

Nilipokuwa nikitazama ile transfoma nilikumbuka jinsi umeme ulivyotufikia. Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam uliwekwa na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao wenyewe. Viunga vilingoja miaka mingi. Leo, katika mto Rufiji, Bwawa la Nyerere lina mashine 9, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115; ya kwanza ilianza kazi mwaka 2024 na ya mwisho mwaka 2025. Kwa hiyo umeme upo. Kinachokosekana ni kile kipande kifupi cha mwisho, kati ya nguzo ya barabarani na gari la mnyonge. Hata wenye bajaji na magari ya gesi waliyaona hayo: gesi ya Songo Songo ilikuwa ikiwasha mitambo ya Ubungo tangu mwaka 2004, na bado madereva wamekesha katika foleni kwa uchache wa vituo vya kuijaza.

Baada ya sala ya adhuhuri tulimkuta msimamizi wa ujenzi. Tulimwamkia, naye akatupokea kwa adabu. Nikamwuliza jambo ambalo mpwa wangu hakupata kuliuliza katika miezi yote ya kungoja: "Bwana, mitambo hiyo itakuwa na vichwa vya aina gani?" Maana waya wa kuchajia una kichwa chake, na vichwa havifanani. Magari mengi ya Ulaya yana aina yao, ya China yana yao, na gari la mpwa wangu lina kichwa cha Kijapani kiitwacho CHAdeMO, jina lililofananishwa na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai, kwa kuwa gari huchajiwa wakati mwenyewe akinywa chai.

Msimamizi akafungua karatasi zake, akasoma, kisha akasema, "Hapa zimeandikwa aina mbili: ya Kichina na ya Ulaya. Ya Kijapani siioni."

Mpwa wangu hakusema neno. Vipo viunganishi vya kufungia kichwa kimoja katika kingine, lakini bei yake si ya mtu mwenye deni. Nilimhurumia, kwa maana alikuwa amekaa akingoja mlango ambao, ukifunguka, haukuwa wake.

Msimamizi alikuwa muungwana. Alituambia kwamba mitambo haijaletwa, na kwamba mwenye kituo huenda akaongeza kichwa cha tatu akijua wapo wanaokihitaji. Jioni ile, baada ya magharibi, tulikaa barazani kwa dada yangu tukaandika barua. Mpwa wangu akawapigia simu madereva wenzake wenye magari kama lake, nao wakakubali kutia sahihi. Asubuhi aliipeleka kwa mkono wake.

Mpaka ninaandika haya jibu halijaja. Lakini kijana amebadili mwendo wake: anachukua abiria wa karibu tu, hachaji mpaka usiku wenzake wamelala, na ameanza kumlipa mama yake fedha ya uniti kila Ijumaa. Dada yangu amefurahi kwa hilo kuliko kwa kituo.

Basi enyi vijana, hapana shaka vyombo vipya vitazidi kuja, na kuvingoja si aibu. Subira huvuta heri, nasi tumelelewa juu ya subira. Lakini kabla ya kutoa fedha ya upatu wa mama, mtu na aulize; na akiwa amekwisha kuitoa, na aulize hata hivyo, maana mwenye kuuliza mapema huweza kuandika barua, na mwenye kuuliza siku ya ufunguzi hurudi nyumbani na gari lenye njaa.