Treni 61 Chini ya Kitanda

Nilianza na wazo moja tu: kujenga stesheni ya Voi juu ya ubao wa mita mbili. Baba alikuwa mgeuza njia za reli pale. Katikati ya miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa miaka minane, nilikuwa nikitoroka kazi za nyumbani kwenda kuyatazama magarimoshi ya daraja la 59 yakinywa maji kabla ya kupandisha Nairobi. Yalikuwa 34, yote yameundwa Manchester na Beyer, Peacock, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Maisha yaliponileta kuishi Manchester, nikaona hapo pana jambo.

Sasa sikieni nilivyofanya. Reli ya Voi niliyoijua ina upana wa mita moja. Vitreni vinavyojaa madukani Uingereza ni vya kipimo cha OO, yaani kitu kimepunguzwa mara 76, vinapita kwenye vijireli vya milimita 16.5, na vingi vinaiga treni za Waingereza wenyewe. Nilijua vizuri kwamba Flying Scotsman, garimoshi lao mashuhuri, haikupata kukanyaga Voi. Nikainunua. Halafu mabehewa yake, maana kichwa bila mabehewa ni cha nini? Halafu kichwa kingine, kwa kuwa mabehewa yalikuwa yamezidi.

Biashara yenyewe inajua kukutia kiwewe. Kichwa hutolewa kwa fungu, na fungu likiisha unaweza kungoja miaka kabla hakijatolewa tena. Basi unaagiza hata hakijaundwa, na siku kinapobisha hodi umeshasahau kwamba ni wewe uliyekiagiza. Mimi nilikuwa nikiagiza saa tano usiku, chai imepoa pembeni. Kuijenga Voi kulitaka jioni nyingi za kukata mbao na kuchomelea nyaya. Kununua kulitaka dakika mbili, nami nilikwenda kulala nimeridhika kana kwamba nimeshinda karakanani siku nzima nikifanya kazi.

Bomba la maji ndilo lililoniumbua. Lilipasuka, ikabidi tuvute kila kilichokuwa chini ya kitanda cha wageni. Mke wangu akahesabu maboksi: 61. Arobaini na kitu tepe yake haijakatwa. Akaokota kimoja akaniuliza, "Hiki umekichezea lini, Baba?" Nikakifungua kwa mbwembwe ili nimwonyeshe uzuri wake. Kilikuwa kichwa cha dizeli. Chasisi ilikuwa imevimba na kupinda, na nilipoishika ikamegeka vidoleni kama biskuti kuukuu. Zinki ya kumiminwa, ikichanganyika na risasi kidogo tu kiwandani, hujila yenyewe kutoka ndani, polepole, hata kama hakuna aliyeigusa. Muda wa dhamana ulikuwa umepita kitambo.

Mke wangu hakucheka. Alisema, "Masikini, kimekufa hakijatembea."

Ningependa kusema niliacha siku hiyo. Wiki tatu baadaye nilikwenda kwenye mnada mdogo katika ukumbi wa kanisa kuuza, nikarudi na behewa la samaki la bei ya kutupa. Kuuza kuliniuma kuliko nilivyodhani, wala si kwa ajili ya fedha, ingawa vingi nilivitoa kwa chini ya nusu ya bei. Kila boksi lilikuwa usiku mmoja niliojidanganya, na mnunuzi alinihesabia noti bila kujua ananirudishia nini. Nimebaki na vitatu. Sheria ya nyumba sasa ni kwamba hakiingii kitu ambacho hakikupata kupita Voi, na kwa vitu vya madukani hiyo ni karibu sawa na kufunga Ramadhani mwaka mzima.

Kwa hiyo ninalichonga mwenyewe garimoshi langu la daraja la 59, kwa bati la shaba nyeupe. Tangi la mbele nimelirudia mara tatu na bado limekwenda upande. Mwaka jana nilipokwenda Nairobi niliingia Makumbusho ya Reli nilipime Mount Gelai, mojawapo ya yale 34. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya magurudumu, futi kamba mkononi, penseli sikioni, mlinzi akanijia taratibu.

"Mzee," akaniuliza, "unataka kulinunua?"