Barua kutoka Liège: Milango ya Uhandisi kwa Kijana wa Kolwezi

Vyuo vya uhandisi vya Lubumbashi, Kitwe, Dar es Salaam, Nairobi na Liège vyote hudai hisabati na fizikia. Vinapotofautiana ni mahali pa kuzipima: kwenye cheti cha sekondari, kwenye mtihani wa kuingilia, au ndani ya mwaka wa kwanza. Kijana wa Kolwezi anayejua mapema chujio liko wapi hujiandaa ipasavyo; asiyejua hufika mlangoni na ufunguo wa mlango mwingine.

Nyumbani Congo safari huanzia kwenye Diploma ya Serikali, inayotolewa kwa mtihani wa Exétat ulioanzishwa mwaka 1967. Alama huandikwa kwa asilimia, na 50 ndiyo mpaka wa kufaulu. Diploma hiyo ni sharti la kuingia chuo chochote, lakini kwa desturi politekiniki huongeza mtihani wake wa kuingilia, na anayetoka mchepuo wenye hisabati na fizikia nyingi hufika akiwa mbele ya wenzake. Chuo Kikuu cha Kolwezi, kilichozaliwa kama tawi la Lubumbashi, kimewapunguzia wengi safari ya kilomita 300 hivi. Zamani politekiniki ilichukua miaka mitano mfululizo. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022 nchi imeingia mfumo wa LMD: miaka mitatu ya lisansi, kisha miwili ya masta. Vyuo vya ufundi vya ISTA vilijulikana kwa njia fupi zaidi, ya miaka mitatu, iliyotoa wahandisi-mafundi wa viwandani.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, nchini Zambia, Chuo Kikuu cha Copperbelt kilichoanzishwa Kitwe mwaka 1987 kimekaa juu ya mkanda uleule wa shaba, ila kinasoma vyeti kwa jicho lingine. Hakitazami asilimia ya jumla bali masomo: matano yaliyofaulu kwa kiwango cha krediti au zaidi, yakiwamo Kiingereza, hisabati na sayansi. Wengi huanza na mwaka wa sayansi za msingi, na matokeo ya mwaka huo ndiyo huamua nani aende kwenye migodi, nani kwenye umeme. Kwa Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa, Kiingereza ni mtihani wa kwanza kabla ya hisabati yenyewe.

Tanzania na Kenya huweka chujio kwenye cheti. Tanzania mwombaji hupimwa kwa masomo mawili makuu ya kidato cha sita, A ikiwa pointi 5 na E pointi 1, na kima cha chini cha kitaifa ni pointi 4. Kwa uhandisi masomo hayo huwa hisabati ya juu na fizikia. Kenya huanza na wastani wa C+ kwenye mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, kisha hutazama hisabati, fizikia na kemia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha uhandisi tangu 1973, hutoa shahada kwa miaka minne. Nairobi huchukua mitano. Mwaka huo wa ziada una sababu: Mtanzania amesoma miaka 13 kabla ya chuo, Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 miaka 12. Mkongomani naye ana miaka 12. Vyeti vyake huhitaji kulinganishwa kwanza: Tanzania kazi hiyo ni ya baraza la mitihani, NECTA; Zambia ni ya mamlaka ya sifa za elimu, ZAQA.

Ubelgiji wa Kifaransa unafanana na Congo kwa jina la shahada na kuachana nayo kwa namna ya mtihani. Liège, Louvain, Brussels na Mons hudai mtihani wa kuingilia wa hisabati: aljebra, uchanganuzi, jiometri na trigonometria. Swali la hisabati la Exétat humpa mtahiniwa majibu kadhaa achague moja. Ubelgiji hupewa karatasi tupu: aseme fankisheni inakubali namba zipi, atafute drivativu yake, achore grafu, na athibitishe kila hatua. Mwenye asilimia 70 ya Exétat anaweza kukwama hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa mazoezi ya kuandika uthibitisho. Ulinganisho wa diploma nao huombwa kabla ya katikati ya Julai. Shule za juu zinazotoa "ingénieur industriel" hazina mtihani huo, nazo huchukua miaka mitano.

Jina la shahada lina mtego. Kwa Wabelgiji na Wakongomani "ingénieur civil" ni mhandisi wa chuo kikuu wa fani yoyote: migodi, umeme au metalajia. Kwa Kiingereza maneno hayohayo humaanisha mjenzi wa madaraja na barabara. Mhandisi wa migodi anayetafsiri diploma yake neno kwa neno hujikuta anaitwa kwenye kazi ya barabara, kwa hiyo fani lazima iandikwe wazi kwenye tafsiri.

Uamuzi mzito zaidi hufanyika miaka minne kabla ya haya yote. Baada ya mwaka wa nane wa elimu ya msingi, mtoto wa takriban miaka 14 huchagua mchepuo wa humanités, yaani sekondari ya juu. Atakayechagua biashara au ualimu hatafungiwa chuo, lakini kwenye milango yote iliyotajwa atakutana na hisabati ambayo hakufundishwa. Mzazi wa Kolwezi anayetamani mhandisi nyumbani aanze mazungumzo wakati huo.